Walter Odington: Mtawa wa Uingereza aliyeliamini sikio la mwimbaji

Sikiliza kwaya inapotua kwenye neno la mwisho la wimbo. Mara nyingi utasikia sauti tatu zimeshikana: besi wako kwenye do, wengine kwenye mi, wengine kwenye sol. Kwa masikio ya leo hakuna mapatano ya sauti yaliyo ya kawaida kuliko hayo. Lakini kwa karne nyingi vitabu vya wataalamu wa muziki barani Ulaya vilifundisha kwamba do na mi hazipatani. Hesabu ilikataa.

Takriban miaka 700 iliyopita, mtawa mmoja wa Uingereza aliyezijua hesabu hizo vizuri aliandika kwamba waimbaji wanaziimba sauti hizo kwa pamoja, na zinapendeza. Hakuwakemea. Badala yake aliirudia hesabu ili aone tatizo liko wapi.

Mtawa huyo aliitwa Walter Odington. Katika makala haya tunaeleza alikuwa nani, kwa nini mtu mmoja aliandika juu ya nyimbo na juu ya nyota, na kwa nini ugomvi wa do na mi ulikuwa jambo zito.

Alikuwa nani?

Odington alikuwa mtawa wa shirika la Wabenediktini katika abasia ya Evesham, mji ulio kando ya mto Avon, magharibi ya kati ya Uingereza. Ndiyo maana katika vitabu vingine anaitwa Walter wa Evesham. Kazi zake ni za mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14. Miongoni mwake kuna kalenda aliyoitengeneza kwa ajili ya abasia yake, inayoanzia mwaka 1301.

Evesham ilikuwa na jina kubwa nchini humo. Mwezi Agosti 1265 palipiganwa hapo vita ambamo mkuu wa waasi dhidi ya mfalme, Simon de Montfort, aliuawa. Mabaki ya mwili wake yalizikwa katika kanisa la abasia, na watu wengi wakaanza kwenda kuhiji kaburini pake.

Wabenediktini wanaishi kwa kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Ni kanuni ileile inayofuatwa hadi leo na watawa wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, watawa hukusanyika kusali mara saba mchana na mara moja usiku. Katika zama za Odington sala hizo ziliimbwa. Mtawa aliyekaa abasia miaka thelathini alikuwa ameimba kwa maelfu ya saa. Kwa hiyo Odington alipoandika juu ya muziki, alikuwa anaandika juu ya kazi yake ya kila siku.

Nyota na nyimbo katika darasa moja

Msomaji wa leo anaweza kushangaa: inakuwaje mtu mmoja awe mtaalamu wa muziki na wa falaki pia? Katika shule na vyuo vikuu vya Ulaya ya wakati ule, hilo halikuwa ajabu. Baada ya sarufi, ufasaha na mantiki, mwanafunzi aliendelea na masomo manne ya namba. Hesabu ilishughulikia namba zenyewe. Jiometri ilishughulikia maumbo, falaki ikashughulikia mwendo wa vitu vya angani, na muziki ukashughulikia uwiano wa sauti. Muziki ulikuwa tawi la hesabu.

Nyumbani kwa watawa masomo hayo yalikuwa na kazi. Ili sala ya usiku ianze kwa wakati wake, lazima mtu ajue usiku umefika wapi, na nyota zilikuwa saa. Ili Pasaka isherehekewe siku inayostahili, lazima mtu ahesabu mwendo wa jua na mwezi.

Hesabu hiyo ya Pasaka ilikuwa na kasoro iliyozidi kukua. Kalenda iliyotumika ilikuwa ile ya Julius Caesar, yenye mwaka wa siku 365 na robo. Mwaka huo ni mrefu kuliko mwaka wa kweli wa jua kwa kama dakika 11. Ni kidogo sana, lakini kila baada ya miaka 128 hivi kalenda inachelewa siku nzima. Kufikia zama za Odington, siku ambayo mchana na usiku hulingana mwezi Machi ilikuwa inatokea zaidi ya wiki moja kabla ya tarehe 21 iliyoandikwa vitabuni. Kanisa lilikuja kurekebisha kasoro hiyo mwaka 1582, na Uingereza ikakubali marekebisho hayo mwaka 1752.

Odington aliandika pia juu ya kile kilichoitwa mbingu ya nane. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba dunia iko katikati, ikizungukwa na mbingu saba: za Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Ya nane ilibeba nyota nyingine zote. Swali lilikuwa: mbingu hiyo ya nyota inasogea kwa kasi gani? Ptolemy, aliyeishi Misri katika karne ya 2, alisema inasogea nyuzi moja kila miaka 100. Al-Battani, mtaalamu wa falaki wa karne ya 9 na ya 10 aliyefanya vipimo vyake huko Raqqa, Syria, alipata nyuzi moja kwa miaka 66. Vipimo vya leo vinatoa nyuzi moja kwa miaka 72 hivi, na tunajua kwamba kinachobadilika ni mwelekeo wa mhimili wa dunia.

Mtu aliyesoma mjadala huo alijifunza jambo moja: kitabu kikubwa kinaweza kuheshimiwa kwa miaka elfu moja, na bado kipimo kipya kikatoa jibu tofauti.

Uzi wa sentimita 81

Turudi kwenye muziki. Kitabu kikuu cha Odington kimeandikwa kwa Kilatini na kinaitwa De speculatione musicae, yaani tafakuri juu ya muziki. Kina sehemu sita. Anaanza na namba, kisha anaeleza uwiano wa sauti. Sehemu ya tatu inahusu ala: chombo cha uzi mmoja cha kupimia sauti, filimbi za kinanda cha kanisani, na kengele. Ya nne inahusu mizani ya mashairi, ya tano nyimbo za kanisani za sauti moja, na ya sita nyimbo za sauti nyingi na jinsi ya kuzitunga na kuziandika.

Ugomvi wa do na mi unaeleweka vizuri kwa kutumia kile chombo cha uzi mmoja. Chukua uzi wenye urefu wa sentimita 81, uuvute ukaze, uupige. Sauti yake tuiite do. Sasa ubane ili sehemu inayotetemeka iwe nusu tu, sentimita 40 na nusu. Utasikia do ya juu. Uwiano ni 2 kwa 1. Ukibana ibaki theluthi mbili ya uzi, yaani sentimita 54, utapata sol. Uwiano ni 3 kwa 2. Ukibana zibaki robo tatu, utapata fa, na uwiano ni 4 kwa 3.

Wanafunzi wa Pythagoras katika Ugiriki ya kale waliupenda sana ugunduzi huu. Sauti zinazopatana zinatokana na namba 1, 2, 3 na 4 tu. Boethius, Mrumi aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 6, aliliweka fundisho hilo katika kitabu cha muziki kilichosomwa Ulaya kwa karne nyingi baada yake.

Je, mi iko wapi? Kwa hesabu ya Pythagoras, hatua moja nzima ni tofauti kati ya fa na sol, na uwiano wake ni 9 kwa 8. Kutoka do, piga hatua moja: sentimita 81 zinakuwa 72, na hiyo ni re. Piga hatua ya pili: 72 zinakuwa 64, na hiyo ni mi. Kwa hiyo uwiano wa do na mi ni 81 kwa 64.

Namba hizo zinatisha. Ukizilinganisha na 3 kwa 2 utaelewa kwa nini wataalamu walisema do na mi hazipatani. Fundisho lilikuwa kwamba namba ndogo zinaleta utamu na namba kubwa zinaleta mgongano. Na kwa kweli, mtu akipiga do na mi zilizopimwa hivyo, masikio hayatulii.

Magharibi mwa Uingereza waliimba hivyo hivyo

Tatizo ni kwamba waimbaji hawakusubiri ruhusa ya vitabu. Mwishoni mwa karne ya 12, mwandishi Gerald wa Wales alieleza kwamba watu wa Wales na wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa wanaimba kwa sauti nyingi kwa wakati mmoja, hata watoto. Karibu miaka 100 baadaye, mwandishi mwingine, ambaye leo anaitwa tu Asiyejulikana wa Nne, alifafanua mafundisho ya muziki ya Paris. Kwa kupita alitaja kwamba katika sehemu za magharibi mwa Uingereza watu wanauhesabu umbali wa do na mi kuwa miongoni mwa mapatano bora kabisa.

Na Evesham iko upande huo. Umbali wa kama kilomita 25 kutoka hapo ni Worcester, ambako zimepatikana kurasa za nyimbo za kanisani za sauti tatu za karne ya 13 na mwanzo wa ya 14. Nyingi zilikuwa zimekatwa na kutumiwa kama karatasi za kujalidia vitabu vingine. Nyimbo hizo zimejaa do na mi, mi na sol. Wimbo maarufu wa kukaribisha majira ya joto, Sumer is icumen in, ambao waimbaji wanaufuatana mmoja nyuma ya mwingine, ulihifadhiwa katika kitabu kutoka abasia ya Reading katikati ya karne ya 13. Nao unatumia mapatano hayohayo.

Odington mwenyewe anaeleza aina ya wimbo ambamo waimbaji wanabadilishana vipande: huyu anaimba kipande cha kwanza, yule cha pili, mwingine cha tatu, kisha wanapokezana, hata kila mmoja amekwisha kuimba vyote. Ni mtindo uliopendwa sana na Waingereza. Mtu anayeimba hivyo husikia papo hapo sauti ikigongana na sauti, na husikia pia zinapotulia.

Milimita 8

Hapa ndipo Odington alipofanya jambo lake la kukumbukwa. Angeweza kurudia maneno ya Boethius na kusema waimbaji wa nchini mwake wanakosea. Angeweza pia kusema hesabu haina maana. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Alitazama namba 81 kwa 64, akaona kwamba ziko karibu mno na 80 kwa 64. Na 80 kwa 64 ukizifupisha zinakuwa 5 kwa 4, namba ndogo na safi. Vivyo hivyo kwa mi na sol: hesabu ya kale inatoa 32 kwa 27, lakini hapo jirani kuna 6 kwa 5. Akaandika kwamba hata kama umbali huo katika namba zake za kitabuni hauhesabiwi kuwa mapatano, sauti za binadamu kwa wepesi wake zinauongoza kwenye mchanganyiko mtamu.

Tuurudie uzi wetu. Mi ya kitabuni iko kwenye sentimita 64. Mi ya 5 kwa 4 iko kwenye sentimita 64.8. Tofauti ni milimita 8 katika uzi wa sentimita 81. Ukisogeza kidole milimita hizo 8, unatengeneza mambo mawili kwa mara moja: do na mi zinakuwa 5 kwa 4, na mi na sol zinakuwa 6 kwa 5.

Kinanda hakiwezi kusogea. Filimbi zake zimekatwa na fundi, zimekwisha. Mwimbaji anaweza. Akimsikia mwenzake kwenye do, anaishusha mi yake kidogo bila hata kujua kwamba ameishusha, mpaka sauti zitulie.

Sayansi ya karne za baadaye imeeleza kwa nini. Kila sauti inabeba ndani yake sauti nyingine nyembamba zaidi. Tuseme do inatetemeka mara 220 kwa sekunde. Ndani yake kuna mtetemo wa mara 1,100, yaani mara tano ya 220. Mi ya 5 kwa 4 inatetemeka mara 275, na mara nne ya 275 ni 1,100. Mitetemo hiyo miwili inalala pamoja. Lakini mi ya 81 kwa 64 inatetemeka mara 278 na kitu, na mara nne yake ni karibu 1,114. Mitetemo ya 1,100 na 1,114 inasukumana, na sikio linasikia mtikisiko wa mara 14 hivi kwa sekunde. Huo ndio ukali ambao waimbaji walikuwa wanaukwepa.

Tusimpe Odington sifa zisizo zake. Hakuiacha hesabu ya Pythagoras, na sehemu kubwa ya kitabu chake inaifuata. Alichofanya ni kukubali, kwa maandishi, kwamba kuna kitu ambacho sikio linakijua na kitabu hakijakisema, kisha akatafuta namba inayokifaa.

Kitabu kilichonusurika

Odington hakuishia kwenye muziki na nyota. Aliandika pia juu ya hesabu, juu ya mwanga na kuona, na juu ya kemia ya kale iliyotafuta kugeuza madini kuwa dhahabu. Kitabu hicho cha mwisho kina sura 20, na humo pia alijaribu kuzipa namba sifa kama joto na ukavu. Kwake yeye, kitu kisichopimwa kilikuwa bado hakijaeleweka.

Abasia ya Evesham ilifungwa mwaka 1540, Mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba zote za watawa nchini. Majengo yakabomolewa na mawe yake yakachukuliwa. Kilichobaki kikubwa ni mnara wa kengele, uliojengwa miaka mia mbili hivi baada ya Odington.

Kitabu chake cha muziki kilinusurika kwa nakala moja tu kamili, iliyoko katika maktaba ya Chuo cha Corpus Christi, Cambridge. Katika karne ya 18 mwanahistoria wa muziki Charles Burney alikisoma na kukisifu sana. Alisema kwamba hata kama vitabu vingine vingi vya muziki vya zama zile vingepotea, hasara isingekuwa kubwa maadamu hiki kipo. Lakini hadithi ya maisha ya mwandishi wake ilivurugika. Kwa muda mrefu alichanganywa na Walter wa Eynsham, mtawa aliyechaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1228 na kukataliwa na Papa mwaka uliofuata. Kosa hilo la majina lilimrudisha Odington nyuma kwa miaka kama 70, na likafanya mawazo yake yaonekane ya kizazi kingine. Mwaka 1864 Mfaransa Edmond de Coussemaker alikichapisha kitabu hicho mjini Paris, na wasomaji wengi zaidi wakaweza kukifikia.

Wakati huo ugomvi wenyewe ulikuwa umekwisha zamani. Katika karne ya 15 watunzi wa Kiingereza, wakiongozwa na John Dunstaple, waliupeleka utamu wa do, mi na sol hadi Ufaransa na Burgundy, na bara zima likauiga. Dunstaple naye, kama Odington, alijulikana kuwa mtaalamu wa hesabu na nyota. Mwaka 1482 Mhispania Bartolomé Ramos de Pareja alichapisha mjini Bologna njia ya kupima uzi inayotumia 5 kwa 4 waziwazi. Wataalamu wengine walimshambulia kwa ukali. Mwaka 1558 Gioseffo Zarlino wa Venice aliziweka 5 kwa 4 na 6 kwa 5 katikati ya mafundisho yake, na tangu hapo zikawa elimu ya kawaida.

Hata hivyo, milimita zile hazijaisha. Kinanda cha leo, kiwe cha umeme au cha nyuzi, kimepimwa kwa njia ya kuzigawa hatua zote 12 sawasawa ili mtu aweze kupiga wimbo katika ufunguo wowote. Faida yake ni kubwa, lakini mi yake iko juu kuliko 5 kwa 4. Ndiyo maana kwaya nzuri ikiimba bila ala, mara nyingine hutulia mahali ambapo kinanda hakifiki. Mwalimu wa kwaya akiwaambia waimbaji wasikilizane, anawaomba kufanya kazi ileile ambayo mtawa wa Evesham aliisikia kanisani kwake na kuiandika.